Sichori Bustani Kabla Sijauona Uwanja Ukinyeshewa

Ukuta uliangukia nje usiku mmoja wa Mei 2017, kule Mikindani, siku ambazo masika yalikuwa yamenyesha bila kukatika hadi watu wakaizoea sauti yake kama sauti ya feni. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na hadi leo namwita Mwalimu tu. Alinipigia simu alfajiri. Hakunilaumu, hakupandisha sauti. Alisema, "Ukuta umelala." Nilipofika nikauona kweli umelala, mita tisa za mawe, umelalia banda la kupikia la jirani wa chini. Jirani huyo hupika maandazi ya kuuza na huwasha moto saa kumi na moja alfajiri. Ukuta ulianguka saa nane usiku.

Saa hizo tatu sijazisahau, na sitaki kuzisahau.

Ukuta sikuujenga mimi, lakini mimi ndiye niliyeuangusha, na neno hili nimelisema mbele ya Mwalimu na mbele ya jirani yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa niufanye ule uwanja wa nyuma uwe bustani. Ni uwanja wa mteremko, unashuka kuelekea kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Fundi aliyejenga ukuta wa kuzuia udongo alikuwa ameacha vitundu chini yake, kipande cha bomba kila baada ya hatua mbili. Kila mvua ikinyesha vitundu vilitoa maji ya udongo yaliyochora michirizi ya kahawia kwenye rangi nyeupe upande wa jirani, naye akalalamika, na haki alikuwa nayo. Mimi nikaona kazi yangu ni kupendezesha. Nikaagiza vitundu vizibwe kwa simiti, tukapaka rangi upya, nikajaza udongo nyuma yake, nikapanda. Picha za uwanja ule zilinipatia wateja wanne.

Udongo wa Mikindani ni wa mfinyanzi. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, hukauka ukapasuka nyufa za kuingia vidole vitatu. Mvua ya kwanza ya masika basi haipiti juu. Huingia kwenye zile nyufa ikashuka hadi nyuma ya ukuta. Kisha udongo hunywa, huvimba, nyufa hufumba, na maji yaliyokwisha kuingia hayana mlango wa kutokea. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Na maji hayaegemei ukuta kama udongo mkavu unavyoegemea. Husukuma kila upande, usiku na mchana, na kadiri yanavyopanda juu ndivyo nguvu inavyozidi kule chini. Ule ulikuwa ukuta wa bustani. Nilipoziba vitundu niliugeuza kuwa ukuta wa bwawa, na mawe yake hayakujengwa kwa kazi hiyo.

Tangu asubuhi ile sichori bustani ya mtu kabla sijasimama kwenye uwanja wake ukinyeshewa. Mteja akiniita Februari namwambia angoje mvua, au kama hawezi kungoja basi agharimie boza, lile lori la tangi la maji, tuyamwage juu ya uwanja tuone yanakokwenda. Wako wanaokata simu hapo hapo. Wengine huniambia kuna fundi mwingine atakayeanza Jumatatu. Nawaelewa, mtu aliyejenga nyumba miaka sita hataki kusikia neno "ngoja" tena. Lakini siwezi kufanya kazi hii kwa njia nyingine, na mtu akiniuliza kwa nini, namsimulia habari ya banda la maandazi.

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye nyumba isiyokuwa na uwanja. Bustani ya mamangu ilikuwa makopo ya samli juu ya sakafu ya roshani: asumini, mrehani, na mlimau mmoja uliokataa kufa. Jioni alichuma asumini ikiwa bado imefumba, akaitia kwenye kikuba, kile kifungu cha maua cha kujipamba, pamoja na mrehani na kadi, ua la mkadi. Kadi yenyewe ililetwa na bibi mmoja kutoka Likoni, kwa sababu mkadi hauwezi kukaa koponi. Nilijifunza kutoka kwake kuwa mmea haupandwi kwa sababu mtu anaupenda tu; kwanza unaulizwa unaweza kukaa hapa. Nilipokwenda kusomea kilimo cha bustani nikafundishwa jina la kila mmea kwa Kilatini, na hilo la kwanza nikalisahau kwa muda.

Aliyenikumbusha ni mzee wa Rabai niliyefanya kazi chini yake miaka mitatu katika hoteli ya pwani ya kaskazini. Mzee hakuwa na cheti. Alikuwa na mtaimbo, na kila alipofika mahali papya aliupiga chini akasikiliza. "Hapa mna mwamba," angesema, "hapa mna uvungu, hapa mna udongo wa kupanda mtu akajizika." Kisha hutazama magugu. Aliniambia magugu hayajui kudanganya, maana hayakuletwa na mtu.

Anayeishi Mombasa anajua, hata kama hakuwahi kulisema, kuwa mji huu ni miji miwili chini ya ardhi. Kisiwani, Nyali, Bamburi, Likoni hadi ufukwe wa kusini, tumekalia matumbawe ya kale, mwamba wa chokaa uliojaa matundu, na juu yake udongo mwembamba au mchanga. Ukivuka Makupa kutoka kisiwani ukaingia Changamwe, Magongo, Chaani, Mikindani, unakuta mwamba mwingine wa matabaka laini, na udongo wake ni ule mfinyanzi. Kwenye matumbawe maji hupotea. Kwenye mfinyanzi maji hayaondoki. Ukileta dawa ya huku ukaitumia kule umeharibu, na bustani nyingi nilizoitwa kuzitengeneza ziliharibiwa hivyo hasa: mtu aliona kitu kizuri Nyali akakipeleka Magongo.

Kipimo changu ni shimo. Nachimba futi moja na nusu kwenda chini, najaza maji jioni yalowe, asubuhi najaza tena natazama saa. Kwa Mwalimu, maji ya saa moja asubuhi niliyakuta bado yako nusu shimo adhuhuri. Kwa Bi Mkubwa wa Kizingo nilimimina ndoo mbili, na kabla sijahesabu hadi sitini shimo lilikuwa tupu na chini yake pamelia kama chupa.

Nataka niseme zaidi juu ya uwanja wa Bi Mkubwa, maana ule ndio ulionifundisha subira.

Nyumba yake iko karibu na bahari, upande unaopigwa na kusi. Alinikaribisha barazani akanitilia kahawa, akaniambia bila kuzunguka, "Hapa hapamei kitu, mwanangu. Hata mchicha wanikataa." Alikuwa ameshalipia bustani mbili. Mara ya kwanza yalimwagwa malori mawili ya udongo mwekundu juu ya mwamba, ukatandazwa sawasawa, zikapandwa nyasi na maua. Masika yakaja. Nusu ya udongo ikashuka kwenye matundu ya matumbawe kama unga kwenye chekecheke, nusu ikaenda mtaroni. Mara ya pili kulipandwa safu ya iksora kuzunguka nyumba, ile yenye vishada vyekundu. Nilipofika safu ilikuwa hai bado, lakini majani machanga yote yalikuwa ya njano na mishipa yake imebaki kijani. Alikuwa ameambiwa haina mbolea, akaitia mbolea, ikazidi.

Ile njano si njaa ya mbolea. Matumbawe ni chokaa, na chokaa hufanya madini ya chuma yajifunge kwenye udongo, mizizi ya mimea kama iksora ikashindwa kuyanywa. Chuma kipo pale pale, lakini mmea haukifikii. Unaweza kununua dawa ya chuma ya kunyunyiza kwenye majani, ikarudisha rangi kwa wiki kadhaa, na wako wanaoishi kwa kuuza dawa hiyo kila mwezi. Mimi nilimwambia Bi Mkubwa tuing'oe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema safu ile aliichagua na marehemu mumewe. Basi tukaacha miwili tu, tukaihamishia kwenye mitungi mikubwa ya udongo wa kuchanganya, karibu na mlango. Mingine tukang'oa.

La pili lilikuwa kisima. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya magadi, na vile vilivyo karibu na bahari huzidi chumvi kila yanapotekwa mengi wakati wa kiangazi. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, nayo hayaji kila siku. Kwa hiyo mfanyakazi wake alikuwa akinyunyizia kwa maji ya kisima, kidogo kidogo, kila jioni. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Maji kidogo hulowesha juu, jua huyapandisha, chumvi hubaki. Baada ya mwezi unakuta utando mweupe juu ya udongo, na mmea uliosimama ndani ya maji unakufa kwa kiu.

Nilikaa na uwanja ule kutoka Machi hadi Juni. Mvua ya kwanza kubwa nilisimama katikati nikiwa na mwavuli na mfuko wa chokaa ya unga, nikaweka alama kila mahali maji yalipokusanyika na kila tundu lililokunywa. Bi Mkubwa alinitazama dirishani. Mvua ya pili akatoka, akasimama barazani akinionyesha kwa kidole: "Na pale! Pale pia!" Alikuwa ameishi hapo miaka arobaini na hakuwahi kupewa sababu ya kutazama.

Niligundua mambo mawili ambayo jua lisingenionyesha. Paa la nyumba lilimwaga maji yake yote kwenye pembe moja, na pembe hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na magugu yenye afya. Hesabu yake ni rahisi: paa la mita za mraba mia moja, mvua ya milimita hamsini, ni lita elfu tano. Mvua ya namna hiyo Mei si ya ajabu. Alikuwa akimwaga maji matamu ya boza zima mtaroni, kisha jioni ananyunyizia maji ya chumvi. La pili ni kwamba mwamba haukuwa sawa. Palikuwa na mabonde madogo yaliyojaa udongo wa zamani mweusi, kina cha mkono mzima, yamefichwa chini ya ule mwekundu ulioletwa.

Basi hatukuleta lori hata moja la udongo mwaka ule. Tulivua ule mwekundu uliobaki tukaurundika. Pale penye mabonde tukapanda miti. Pale penye mwamba mtupu tukajenga vitanda vya kuinuka, kwa mawe ya tumbawe yaliyochimbwa hapo hapo kwa mtaimbo, kimo cha magoti. Chini ya kila kitanda tuliweka makumbi ya nazi, yamepangwa na kukanyagwa, mgongo chini na nyuzi juu. Makumbi hayo huziba matundu yasimeze udongo na hunywa maji kama sifongo. Juu yake tukatia ule udongo mwekundu, tumeuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa na majani yaliyooza. Makumbi tulipewa bure na wauza nazi, waliofurahi kuondolewa. Maji ya paa yakaelekezwa kwenye tangi, na ya ziada yakapita vitandani kabla ya kufika mtaroni.

Kuhusu nini cha kupanda, nilimchukua Bi Mkubwa kwa gari hadi Mama Ngina, tukatazama mibuyu. Imesimama juu ya mwamba uleule, inapigwa na upepo uleule, na hakuna aliyeinyunyizia maji. Tukashuka tukaona mkadi, tukaona lakasa ikitambaa mchangani. Kwake tukaweka mikadi na mikungu upande wa kusi ipokee chumvi kwanza, nyuma yake mifrangipani na bogenivilia, na ndani kabisa, palipotulia, asumini na mlangilangi. Nyasi tukapanda za Pemba, zile za majani mapana.

Juu ya nyasi lazima niseme neno. Huja mteja aliyehamia kutoka bara na picha ya uwanja wa Nairobi, nyasi laini za kijani kibichi, anataka hizo. Nyasi zile zinapenda baridi ya milimani. Hapa hudumu miezi, zikinyweshwa maji ambayo nyumba ya pili haina ya kupikia. Nyasi za Pemba zinastahimili chumvi na kivuli, hazihitaji kukatwa kila wiki, na mtoto akianguka juu yake haumii. Sioni aibu ya Mombasa kuonekana kama Mombasa.

Njia ya kusubiri kama hii nilikuwa nimeshaiona, ingawa nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mtoto na sikuielewa. Shuleni tulipelekwa Haller Park, Bamburi, tukatazama twiga na viboko. Baadaye nikiwa kazini nilirudi kutazama ardhi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba wa matumbawe uliokwanguliwa hadi karibu na maji ya chumvi ya chini, hakuna hata chembe ya udongo. René Haller, Mswisi, alianza kupanda hapo 1971. Alijaribu aina nyingi za miti na iliyoshika vizuri ni mivinje, maana mizizi yake ina vijidudu wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake yalianguka yakarundikana bila kuoza. Kilichomaliza kazi ni majongoo, wale wekundu wa miguu ambao sisi watoto tulikuwa tukiwachokoa kwa vijiti wakajikunja. Walikula majani makavu, kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukapokea miti mingine. Kila nikifika kwa mteja mwenye mwamba mtupu akaniambia haiwezekani, namwambia aende Bamburi akatembee saa moja chini ya miti ile. Na jongoo nikimkuta uwanjani simruhusu kijana yeyote wa kazi yangu amuue.

Kuna viwanja ambavyo ugumu wake si ardhi. Kisauni niliitwa na mama mmoja aliyetaka mwarobaini ukatwe, uwanja wote uwekwe kabro, yale matofali ya kutandika chini, kwa sababu majani ya mti yanachafua. Nilimwomba anipe siku moja nikae. Saa tatu asubuhi wanafunzi wa chuo cha Kurani walikuwa chini ya ule mti na mbao zao. Adhuhuri wazee wakacheza bao. Alasiri yeye mwenyewe akatandika mkeka akachambua mchele. Nilimuuliza hayo yote yatakwenda wapi juu ya kabro jua la Februari. Mti haukukatwa. Tulipogoa matawi ya juu ya paa, tukaweka kabro njia ya gari tu, na chini ya mti tukamwaga kokoto ili majani yafagiliwe kwa urahisi. Pembeni tukaacha mahali wazi pa kutosha sufuria mbili kubwa za pilau, maana Idi yaja kila mwaka na bustani isiyo na mahali pa kupikia biriani au pilau itakanyagwa tu. Kabro siichukii. Ila uwanja mzima ukifunikwa, maji ya mvua hayana pa kuingia, na yataingia kwa jirani.

Na hapo narudi Mikindani.

Baada ya ukuta kuanguka nilimwambia Mwalimu nitairudia kazi, ujira wangu hautahesabiwa, alipe vifaa tu. Banda la jirani nililijenga kwanza, kabla hatujagusa jiwe moja la uwanja. Kisha tukaanza juu, si chini. Hilo nililifahamu kwa kukaa na masika yaliyobaki: maji yaliyoangusha ukuta hayakuanzia kwenye uwanja, yalianzia kwenye paa na kwenye njia ya gari, yakateremka yakipata kasi. Tukaweka mtaro wa kokoto chini ya ukingo wa paa na bomba la kuyapeleka kando.

Mteremko wenyewe tuliukata kwa fanya juu. Kijana mmoja wa kazi yangu ametoka Ukambani, na matuta yale ndiyo aliyokulia nayo: unachimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, udongo unautupa juu yake uwe tuta, na kila msimu mvua inajaza nyuma ya tuta hadi ngazi inajitengeneza yenyewe. Usawa tuliupima kwa mpira wa maji, ule ule mafundi wanaopimia msingi, watu wawili na vigingi kumi vya mbao. Matuta manne. Juu ya kila tuta tukapanda nyasi za vetiva, maana mizizi yake haitambai, inashuka chini moja kwa moja, mita mbili na zaidi, ikashona udongo. Kati ya matuta tukapanda migomba, mchaichai na mstafeli, vitu ambavyo mke wa Mwalimu alivitaka tangu mwanzo na mimi sikumuuliza.

Chini, pahali pa ukuta, hatukujenga ukuta. Tulipanga mawe yale yale yaliyoanguka ndani ya vikapu vya waya, ngazi mbili, na nyuma yake tukaweka kitambaa cha kuchujia na kokoto. Ukuta wa namna hii maji hupita katikati yake kila mahali. Mbele yake tukaweka mfereji na mabomba matatu ya kutolea maji upande wa jirani, yanayomwaga kwenye karo lililojengewa na kuongozwa hadi mtaroni, yasichore tena ukuta wa mtu.

Iko sababu nyingine ya kulishughulikia hilo, nayo si ya Mwalimu wala ya jirani. Chini ya mteremko wote ule kuna mikoko. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza matopeni, na udongo ukishuka mwingi kwa mara moja huifukia ikafa imesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifanya hivyo kwenye mkono wa bahari wa Mwache, udongo wa bara ukaizika mikoko ikakauka. Michirizi ya kahawia niliyoiona kama uchafu wa rangi ilikuwa uwanja wa Mwalimu unakwenda baharini kidogo kidogo. Nilipaswa kuuliza unatoka wapi.

Vetiva ilichukua miaka miwili kufunga safu. Nilikuwa nikipita kila mwisho wa kaskazi kutazama nyufa, na kila mwaka zilikuwa nyembamba kidogo, kwa sababu ya majani makavu tuliyotandaza na kivuli cha migomba.

Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa 2023 nilishindwa kulala. Novemba ile Mombasa ilifurika, barabara zikawa mito, kila simu iliyolia moyo uliruka. Siku ya tatu ya mvua nilichukua mwavuli nikapanda matatu ya Mikindani, nikashuka nikatembea kwenye matope. Mwalimu nilimkuta nje, amevaa koti la mvua na kofia, fimbo mkononi, amesimama kwenye tuta la pili akitazama chini. Hakunisalimu. Alininyoshea fimbo mahali maji yalipokuwa yamesimama nyuma ya vetiva, yametulia kama kwenye sinia, yakipungua taratibu.

Tukateremka pamoja hadi kwenye vikapu vya mawe. Kwa jirani moshi ulikuwa ukitoka bandani, na harufu ya iliki imetangulia. Alitoka na kanga kichwani, akatuambia maandazi ya mwisho yako jikoni, tukae. Alikuwa ameweka ndoo chini ya bomba la tatu, anakinga maji ya kufulia. Yalikuwa meupe. La kwanza na la pili, akasema, bado yanatoka na udongo kidogo asubuhi. Nikafunga mwavuli, nikainama kuyaangalia.